Darubini ya Kwanza: Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia katika Mwambao wa Tanga

Miongoni mwa ala za sayansi zinazotamaniwa na wanafunzi, darubini ya kutazamia nyota haikosi kutajwa. Mtu aliyekwisha kuziona pete za Zohali kwa jicho lake mwenyewe hazisahau. Hata hivyo, darubini ni miongoni mwa vyombo vinavyonunuliwa kwa makosa mengi. Shule hukusanya fedha kwa taabu, hununua chombo chenye sanduku la kupendeza, hukitoa uwanjani usiku mmoja au miwili, kisha hukirudisha kabatini kikae humo mpaka lenzi zake ziote kuvu. Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo ni namba moja iliyochapwa juu ya sanduku: namba ya ukuzaji.

Makala haya yanaeleza namna ya kupima thamani ya darubini kabla ya kuinunua, na namna ya kuitumia mahali penye hewa ya chumvi, upepo wa bahari na anga la aina yake, yaani mwambao wa Tanga tangu Moa na Mkinga hadi Pangani.

KAZI TATU ZA DARUBINI

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho la kijana, ikiisha kuzoea giza, hufunguka kwa upana wa milimeta 7 hivi, na nuru isiyopita katika tundu hilo haifiki ndani ya jicho. Lenzi yenye kipenyo cha milimeta 70 ina upana mara 10 wa mboni hiyo. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo, lenzi hiyo hukusanya nuru mara 100 ya ile inayoingia jichoni. Kioo chenye kipenyo cha milimeta 150 hukusanya zaidi ya mara 450. Ndiyo maana nyota hafifu, zisizoonekana kabisa kwa macho matupu, hujitokeza kwa wingi mtu anapochungulia katika darubini.

Kazi ya pili ni kupambanua, yaani kuvitenganisha vitu viwili vilivyokaribiana hata vikaonekana kuwa kimoja. Uwezo huu hupimwa kwa sekunde za pembe, na sekunde moja ya pembe ni sehemu moja katika 3,600 za digrii. Ili kupata kadirio la uwezo huo, namba 116 hugawanywa kwa kipenyo cha lenzi kwa milimeta. Lenzi ya milimeta 70 hupambanua sekunde 1.7, na kioo cha milimeta 150 hupambanua sekunde 0.8 hivi. Juu ya uso wa Mwezi, sekunde moja ya pembe ni sawa na umbali wa kilometa 1.9 hivi. Basi lenzi ya kwanza huweza kuonyesha mashimo ya Mwezi yenye upana wa kilometa 3 au zaidi, na kioo cha pili huonyesha hata yale yenye upana wa kilometa moja na nusu.

Kazi ya tatu ni kukuza. Kazi hii ndiyo inayotangazwa zaidi madukani, nayo ndiyo ya mwisho kwa umuhimu, kwa sababu ukuzaji hauwezi kuonyesha kitu ambacho nuru yake haikukusanywa wala kupambanuliwa na lenzi ya mbele.

HESABU YA MARA 525

Ukuzaji wa darubini hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi ya mbele, au wa kioo kikuu, kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya kuchungulia. Darubini yenye kipenyo cha milimeta 70 na urefu wa fokasi wa milimeta 700, ikitiwa lenzi ya kuchungulia ya milimeta 25, hukuza mara 28. Ikitiwa ya milimeta 10, hukuza mara 70. Hivyo basi, ukuzaji si sifa ya kudumu ya darubini. Hubadilika kila lenzi ya kuchungulia inapobadilishwa.

Baadhi ya darubini za aina hii huuzwa kwa tangazo la kwamba zinakuza mara 525. Mwanafunzi yeyote aweza kugundua jinsi namba hiyo ilivyopatikana. Ndani ya sanduku hutiwa lenzi ndogo ya kuchungulia ya milimeta 4, pamoja na lenzi ya nyongeza inayozidisha ukuzaji mara 3. Kisha 700 hugawanywa kwa 4, na jibu huzidishwa kwa 3. Hesabu ni sahihi. Taswira inayoonekana ndiyo isiyofaa. Nuru ileile iliyokuwa imetanda katika taswira ya mara 28 sasa hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi kwa mara 350, hivyo taswira hufifia mno. Juu ya hayo, kila mtikisiko wa miguu ya chombo na kila wimbi la hewa hukuzwa pia mara 525. Mtazamaji huona doa la kijivu linalocheza.

Kanuni inayotumiwa na watazamaji wazoefu ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara 2 kwa kila milimeta ya kipenyo. Darubini ya milimeta 60 isipitishwe mara 120, wala ya milimeta 70 isipitishwe mara 140. Hata kioo kikiwa kipana zaidi, mitikisiko ya hewa ya Dunia ni nadra kuruhusu zaidi ya mara 200. Yafaa ikumbukwe kwamba Galileo, alipoigundua miezi minne ya Mushtari mnamo Januari 1610, alitumia darubini iliyokuza mara 20 tu. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lihusu kipenyo cha lenzi au kioo.

AINA TATU ZA KUFIKIRIWA

Darubini ya macho mawili. Chombo hiki, kinachotumiwa sana na mabaharia, ndicho kinachofaa kuwa cha kwanza kwa mtu mwenye fedha kidogo. Huandikwa namba mbili, kama vile 7×50 au 10×50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele kwa milimeta. Huonyesha eneo kubwa la anga kwa mara moja, haihitaji kufungwa wala kulinganishwa, na mchana hutumika kwa kutazama ndege na vyombo vya baharini. Ikiegemezwa imara ukutani au juu ya kigingi, huonyesha miezi ya Mushtari, milima mikubwa ya Mwezi na makumi ya nyota katika Kilimia. Ile inayokuza zaidi ya mara 10 haifai kushikwa kwa mikono mitupu, kwa maana mikono hutetemeka.

Darubini ya lenzi. Hii ni bomba lenye lenzi kubwa mbele na lenzi ya kuchungulia nyuma. Lenzi ya mbele iwe imeundwa kwa aina mbili za kioo zilizounganishwa, kwa sababu lenzi moja tupu huipinda miale ya bluu zaidi kuliko myekundu, na kila nyota angavu huzungukwa na rangi. Lenzi za plastiki za vitu vya kuchezea zisinunuliwe. Darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimeta 70 au 80 ni imara, hustahimili safari, na bomba lake lililozibwa huzuia vumbi na chumvi visiingie ndani.

Darubini ya kioo. Katika aina hii, iliyobuniwa na Isaac Newton mwaka 1668, nuru hukusanywa na kioo mbonyeo kilicho chini ya bomba, kisha huakisiwa na kioo kidogo bapa hadi kwenye lenzi ya kuchungulia iliyo ubavuni. Kutengeneza kioo kipana ni rahisi kuliko kutengeneza lenzi pana, kwa hiyo kwa fedha zilezile mnunuzi hupata kipenyo kikubwa zaidi. Vioo vyake viwili huhitaji kulinganishwa mara kwa mara kwa skurubu zilizowekwa kwa kazi hiyo, na mwalimu hana budi kujifunza kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Kwa shule ambayo wanafunzi wengi watapanga mstari kuchungulia kwa zamu, darubini ya kioo cha milimeta 130 hadi 150 ndiyo yenye manufaa makubwa kwa fedha zitakazotolewa.

Zipo pia darubini zenye mota na kompyuta zinazojitafutia nyota zenyewe. Hizo hugharimu fedha nyingi, hutegemea betri, na vifaa vyake vya umeme huvumilia kwa shida hewa ya chumvi. Fedha hizo hufaa zaidi zikiongezwa katika upana wa kioo.

KITAKO, NA MAHALI TANGA ILIPO DUNIANI

Nusu ya ubora wa darubini imo katika kitako chake. Chombo chenye lenzi bora lakini chenye miguu myembamba hakina faida, hasa pwani ambako upepo wa kusi huvuma kwa miezi mingi. Jaribio lake ni jepesi: darubini ielekezwe kwenye kitu cha mbali kwa ukuzaji wa mara 50 hivi, kisha bomba ligongwe kidogo kwa kidole. Taswira isipotulia katika muda wa sekunde 3, miguu hiyo ni dhaifu.

Kuna vitako vya namna mbili. Cha kwanza husogea juu na chini, kisha kushoto na kulia, kama mzinga. Cha pili huitwa kitako cha ikweta, na mhimili wake mmoja lazima usimame sambamba na mhimili wa Dunia, ili kwa kuzungusha mhimili huo peke yake mtazamaji aweze kuifuata nyota inavyosafiri. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hukisifu kitako hiki cha pili. Mnunuzi wa Tanga ana sababu ya kukiepuka.

Mji wa Tanga uko digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Mahali hapa, mhimili wa kitako cha ikweta hauna budi kuinuliwa digrii 5 tu kutoka upeo wa macho, yaani ulale karibu sawasawa na ardhi. Vitako vingi vilivyoundwa kwa ajili ya nchi za kaskazini haviwezi kuinamishwa kiasi hicho, na vinavyoweza, mara nyingi jiwe lake la kusawazisha hugonga miguu. Tena, watu wa kaskazini hukilenga kitako hicho kwa msaada wa Nyota ya Kaskazini, ambayo kwa mtu aliyeko Tanga haichomozi kamwe. Upande wa kusini hakuna nyota angavu iliyo mahali pa ncha ya anga, na ncha yenyewe imo ndani ya ukungu wa bahari, digrii 5 juu ya maji.

Kwa hiyo kitako chepesi cha kusogea juu na kushoto ndicho kinachofaa. Mfano wake bora kwa darubini ya kioo ni ule ulioenezwa mjini San Francisco, Marekani, tangu miaka ya 1960 na John Dobson, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2014. Bomba huwekwa katika sanduku la mbao lisilo na mfuniko, nalo sanduku huzunguka juu ya ubao wa chini. Baina ya ubao na sanduku huwekwa vipande vitatu vya plastiki inayoteleza, ya jamii ile inayopakwa katika vikaango visivyoshika chakula. Seremala anayejua kutengeneza kabati aweza kuunda kitako hiki kwa plaiwudi, mradi ipakwe vanishi pande zote na kingo zake zote dhidi ya unyevu. Kioo na lenzi za kuchungulia ndizo zitakazobaki kununuliwa.

Mahali hapo hapo panapokitia kasoro kitako cha ikweta huipa Tanga fadhila kubwa. Mtazamaji wa mwambao huu huweza kuona, kwa mzunguko wa mwaka, karibu anga lote la kaskazini na anga lote la kusini. Njia ya Jua, Mwezi na sayari hupita karibu na utosi, hivyo kila sayari, inapofika kilele cha safari yake ya usiku, huwa juu kwa digrii 60 au zaidi. Mjini London, sayari iliyo katika sehemu za kusini za njia hiyo hupanda digrii 15 tu na kuonekana kupitia tabaka nene la hewa. Darubini ndogo iliyoko Pangani yaweza kuipita kubwa iliyoko huko.

KUCHAGUA USIKU

Wavuvi wa mwambao hujua siku za mwezi kwa kutazama maji, na ujuzi huo humfaa mtazamaji wa nyota. Bamvua hutokea katika siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Maji mafu hutokea Mwezi unapokuwa nusu. Usiku wa maji mafu ya kwanza, Mwezi ukiwa nusu katika anga la jioni, ndio wakati bora wa kuutazama Mwezi wenyewe, kwa sababu Jua huumulika kutoka ubavuni na kila mlima na shimo hutupa kivuli kirefu. Mwezi mpevu hauna vivuli, na huonekana kama sahani nyeupe. Usiku wa bamvua la mwezi mwandamo ni wa nyota hafifu na mawingu ya nuru, kwa kuwa anga halina mbalamwezi. Usiku huo pia ndio wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, kwa hiyo upeo wa mashariki waweza kuwa na mwangaza. Mtazamaji ageukie kusini au utosini.

Giza hutimia mapema pwani. Jua huchwa baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni, na ilipofika saa 2 usiku anga huwa jeusi kabisa. Masika ya Machi hadi Mei na mvua za vuli huficha nyota usiku mwingi. Miezi ya Januari na Februari, na tena Juni hadi Septemba, hutoa nafasi nyingi zaidi, ingawa mawingu yanayosukumwa na kusi hupita mara kwa mara, nayo mawingu ya milima ya Usambara huziba upeo wa magharibi.

Taa za mji wa Tanga hufuta nyota hafifu. Safari fupi hadi Tongoni au Kigombe, au hata uwanja ulio kando ya shamba la mkonge, huleta tofauti kubwa. Mahali pawe pa nyasi au mchanga. Paa la bati na uwanja wa saruji hutoa joto la mchana kwa saa kadhaa, na hewa inayopanda juu yake huitikisa taswira.

NAMNA YA KUTAZAMA

Darubini ndogo ya kutafutia, iliyo juu ya bomba kuu, ilinganishwe kabla ya Jua kuchwa. Bomba kuu lielekezwe kwenye ncha ya mnazi wa mbali au mlingoti, upande usio na Jua. Kisha skurubu za darubini ya kutafutia zizungushwe mpaka kitu hicho kiwe katikati ya zote mbili. Wengi hushindwa kuona chochote usiku kwa sababu tu hawakufanya kazi hii ya dakika 5.

Usiku, kila utafutaji uanze kwa lenzi ya kuchungulia yenye urefu mkubwa wa fokasi, kama milimeta 25, yenye ukuzaji mdogo na eneo pana. Kitu kikiisha kuwekwa katikati, ndipo iwekwe lenzi ya milimeta 10. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kwa ukuzaji wa mara 100, unaoonyesha nusu digrii ya anga, nyota iliyo karibu na utosi hupita kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika 2. Wanafunzi wafundishwe kulisukuma bomba taratibu kuifuata.

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu huharibu yote hayo. Programu za simu zenye ramani ya nyota ni msaada mzuri, lakini kioo cha simu kifunikwe kwa plastiki nyekundu, na tochi vilevile. Kitu hafifu hutazamwa kwa ukingo wa jicho, kwa maana sehemu za pembeni za jicho ndizo zinazohisi zaidi nuru ndogo.

KUKINGA CHOMBO NA HEWA YA PWANI

Adui mkubwa wa darubini katika mwambao ni kuvu. Vimelea hivyo huota juu ya lenzi palipo na joto, unyevu na giza, yaani ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa. Vikiisha kuingia, nyuzi zake huumomonyoa uso wa lenzi na hazifutiki. Darubini iwekwe katika kabati lenye tundu za hewa, na ndani yake iwashwe balbu ndogo ya kizamani, ile inayotoa joto, ya wati 15 hivi, ikiwa mbali na mbao na nguo. Pasipo umeme, lenzi zitiwe katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya chembe za kukausha unyevu, vile vinavyopatikana katika masanduku ya viatu na vyombo vya umeme. Aina nyingi za chembe hizo huweza kukaushwa tena kwa joto la polepole.

Chombo kisitolewe moja kwa moja kutoka chumba chenye kiyoyozi, kwani hewa ya nje itaganda matone juu ya lenzi. Kikitolewa, kiachwe nje nusu saa kabla ya kutumiwa. Kola ya karatasi nene iliyozungushwa mbele ya bomba hupunguza umande. Lenzi na vioo visifutwe kila mara; vumbi kidogo halidhuru, lakini kitambaa chenye chembe ya mchanga hukwaruza. Na kwa kuwa mbu hawakosekani, wanafunzi wavae mikono mirefu, na mikono iliyopakwa mafuta ya kufukuza mbu isiguse lenzi wala plastiki.

ANGA LA MWAKA MZIMA

Nyakati zinazotajwa hapa ni za saa 2 hadi saa 4 usiku.

Januari na Februari, kundi la Jabari, liitwalo Orion katika ramani za nyota, huwa karibu na utosi. Chini ya nyota tatu za mkanda wake lipo wingu la gesi ambamo nyota mpya huzaliwa. Kaskazini yake huonekana Kilimia, ambacho jina lake latokana na kulima. Kusini hung'aa nyota Suheli, iitwayo pia Canopus, na chini yake lipo Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo mbali kiasi cha miaka ya nuru 160,000.

Mei na Juni, Msalaba wa Kusini husimama juu ya bahari. Nyota angavu iliyo mashariki yake, Alfa ya Centaurus, hutengana kuwa nyota mbili katika darubini ya milimeta 70. Umbali wake ni miaka ya nuru 4.4. Si mbali na hapo lipo fungu la Omega Centauri, lenye mamilioni ya nyota, ambalo macho matupu huliona kama nyota moja yenye ukungu.

Julai hadi Septemba, kundi la Nge hupita juu kabisa, na nyuma ya mkia wake kuna sehemu nene zaidi ya Njia ya Maziwa. Hapo darubini ya macho mawili hufaa kuliko darubini kubwa.

Novemba na Desemba, mvua zikiruhusu, galaksi ya Andromeda huonekana upande wa kaskazini kama doa refu hafifu. Nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5.

Sayari hubadili mahali mwaka hata mwaka. Zuhura huonyesha sura kama za Mwezi. Pete za Zohali ziligeuzia Dunia ukingo wao mnamo Machi 2025 na kuonekana kama mstari mwembamba. Zinaendelea kufunguka hadi mnamo mwaka 2032, na ukuzaji wa mara 30 hutosha kuzibainisha.

ONYO KUHUSU JUA

Darubini isielekezwe kwenye Jua kamwe huku mtu akichungulia. Mchana mboni hujifinya hadi milimeta 2 hivi. Lenzi ya milimeta 70 humwagia jicho nuru zaidi ya mara 1,200 ya kawaida. Sehemu ya jicho inayopokea taswira haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtu huweza kupofuka kabla ya kujua kwamba ameumia. Vichujio vidogo vya Jua vinavyofungwa kwenye lenzi ya kuchungulia hupasuka kwa joto. Vikipatikana sandukuni vivunjwe na kutupwa.

Njia ya salama ni kuitupa taswira ya Jua juu ya karatasi nyeupe iliyo nyuma ya darubini ndogo ya lenzi, darubini ya kutafutia ikiwa imefunikwa, na mwalimu akiwa hapo muda wote. Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa kwa umbo la pete na watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Tanga lilifunikwa sehemu tu. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litafunikwa lote katika sehemu za Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na kwa sehemu katika Tanga. Shule zina muda wa kujiandaa kwa njia hiyo ya karatasi.

ZOEZI KWA DARASA

Katika miezi ambayo Mushtari huonekana jioni, wanafunzi wachore kila usiku, kwa saa ileile, mahali pa miezi yake minne, kwa muda wa wiki tatu. Darubini ya macho mawili iliyoegemezwa imara yatosha. Usiku wa mawingu uachwe wazi katika jedwali, usijazwe kwa kubahatisha.

1. Mwezi unaokwenda mbali zaidi na sayari huchukua siku ngapi kurudi mahali ulipoanza? Jibu lilinganishwe na siku 16.7, ambazo ni muda wa Callisto.

2. Mwezi wa ndani kabisa, Io, humaliza mzunguko kwa siku 1.77. Kwa nini ni vigumu kuugundua muda huo kwa mtu anayetazama mara moja tu kila usiku?

3. Mwaka 1676 Ole Rømer alitambua kwamba kupatwa kwa Io huonekana kuchelewa Dunia inapokuwa mbali na Mushtari. Ni jambo gani kuhusu nuru lililothibitishwa na ucheleweshaji huo?